Tisa Waliompa Valary Jibu Alilolitaka

Valary Chepchirchir alizaliwa nje kidogo ya Kapkatet, katika shamba ambalo mistari yake ya chai inafika karibu na dirisha la jikoni. Kabla hajajua kusoma alijua kuchuna majani mawili na chipukizi. Leo ana miaka thelathini na minne, anafundisha uhandisi wa programu chuoni, na mimi ni mmoja wa waliowahi kukaa darasani mwake. Ninaandika habari zake kwa sababu ya jambo alilolifanya mwishoni mwa utafiti wake wa uzamivu.

Utafiti wenyewe si mgumu kueleza. Programu zinazotumika katika vituo vya kukusanyia majani chai mara nyingi huandikwa na watu wa mbali, ambao hawajawahi kupanga foleni mbele ya mizani. Utaratibu wa kituo ukibadilika, karani hana la kufanya ila kusubiri. Valary alitaka kuunda lugha ndogo ya kompyuta, ya kazi hiyo moja tu, yenye maneno ya kituo: mkulima, mzigo, mizani, pokea, kataa. Karani angechora visanduku na mishale kwenye kishikwambi, na kompyuta ingeugeuza mchoro huo kuwa programu. Dai la tasnifu yake lilikuwa hilo: kwamba mtu wa chai anaweza kuieleza kompyuta kazi yake mwenyewe, bila mwandishi wa programu kukaa katikati.

Baada ya miaka minne ya kazi, alibakiwa na jaribio moja, na miezi mitatu kabla ya muda wake wa kuwasilisha kwisha. Jaribio hilo alilifanyia katika kituo cha kwao. Watu kumi, makarani na wakulima, walikaa kwenye mabenchi yaliyoazimwa kanisani na kuombwa wachore jinsi majani yanavyopokelewa pale. Mzee Kiptum, jirani yao, alimuuliza mbele ya wote kama daktari wa vitabu, asiyejua kudunga sindano, anakusudia kutibu mizani. Walicheka, kisha wakainamia vishikwambi vyao.

Tisa walipata. Majani mazuri walipeleka mshale kwenye kisanduku cha kupokea, majani magumu kwenye kisanduku cha kukataa, kama alivyotarajia. Aliyekosa ni mmoja tu, Mama Esnah, karani aliyekipokelea kituo hicho majani kwa miaka ishirini na miwili. Kisanduku cha kukataa alikiacha kitupu. Pembeni mwa karatasi ya maswali waliyopewa pamoja na kishikwambi aliandika kwa kalamu: “Hapa hakuna mahali pa kuandika tunachofanya.”

Msimamizi wa utafiti wa Valary, Daktari Omariba, alifurahi na kumwambia aanze kuandika sura ya matokeo. Tisa kati ya kumi ni matokeo ambayo mtafiti yeyote angeyapokea kwa mikono miwili. Valary alianza kuandika, lakini ile karatasi haikumtoka akilini. Kwa nini mwenye uzoefu kuliko wote ndiye aliyeshindwa? Siku ya kukusanya majani ilipofika alirudi kituoni, akasimama kando ya mizani bila kishikwambi.

Siku hiyo Mzee Kiptum alileta mzigo uliochanganyika na majani magumu. Mama Esnah hakuupokea wala hakuukataa. Aliyamwaga majani juu ya gunia lililotandikwa sakafuni, na waliokuwa kwenye foleni wakainama bila kuambiwa, wakachambua pamoja naye hadi mzigo ukawa safi. Ndipo ukapimwa. Mtu wa tano kwenye foleni naye alifanyiwa vivyo hivyo. Mchana kutwa Valary hakuona mzigo hata mmoja ukirudishwa nyumbani.

Aliona kosa lake. Amekulia pale, mikono yake imechambua majani juu ya gunia kama hilo tangu utotoni, na bado alikuwa ameunda lugha isiyokuwa na neno la jambo hilo. Lakini kilichomshangaza zaidi ni wale tisa. Alimfuata Mzee Kiptum na kumuuliza kwa upole kwa nini alichora kukataa, ilhali hajawahi kuona mtu akikataliwa.

“Sasa mama, tulisikia hiyo ni mtihani yako ya mwisho,” mzee alisema. “Jumapili tukitoka kanisa tukakubaliana hakuna mtu atakuangusha. Wewe umeleta boksi mbili. Mgeni akileta boksi mbili, utamuuliza ya tatu iko wapi?”

“Na Mama Esnah?”

“Huyo alikataa kukubaliana. Alisema msichana wetu hakuenda shule miaka yote hiyo ndio tumdanganye.”

Valary alimpelekea Daktari Omariba habari hizo siku iliyofuata. Omariba alimweleza kwamba angeweza kuongeza aya moja kuhusu upungufu wa jaribio na kuwasilisha kwa wakati, na kwamba akiomba muda, chuo kinaweza kumnyima na usajili wake ukafutwa. Alimwambia aamue mwenyewe.

“Nikiandika tisa kati ya kumi, nitakuwa nimethibitisha nini?” Valary aliuliza.

“Kwamba watu wa kwenu wana adabu.”

Siku hiyohiyo aliandika barua ya kuomba mwaka mmoja zaidi. Alisubiri jibu kwa wiki tano, na katika wiki hizo alikuwa tayari anaibomoa lugha yake na kuijenga upya. Muda ukakubaliwa.

Jaribio la pili halikufanana na la kwanza. Aliwaambia watu walewale kumi kwamba safari hii anayemtakia mema ni yule atakayemwonyesha mahali lugha yake inaposema uongo. Akawawekea mbele mchoro aliouchora yeye mwenyewe kwa lugha mpya, wenye kisanduku cha kuchambua. Kisha Mzee Kiptum, ambaye nadhani ndiye aliyeona haya kuliko wote kwa yale makubaliano, akaweka kidole juu ya kioo.

“Hii mshale inadanganya,” alisema. “Mtu akimaliza kuchambua harudi nyuma ya foleni. Sisi tunamngojea.”

Valary aliufuta mshale huo mbele yake. Hadi jioni walikuwa wamempa makosa kumi na manne, mengine wakibishana wenyewe kwa wenyewe huku yeye akiandika haraka awezavyo.

Tasnifu ilipita mwezi wa Machi. Sura ya nne inaeleza jaribio la kwanza lote, pamoja na yale makubaliano ya Jumapili, na wale tisa hawalaumiwi popote. Mtahini aliyetoka chuo kingine alimuuliza kwa nini hakuliondoa, maana hakuna ambaye angejua. Alijibu kwamba Mama Esnah angejua.