Kiganja cha Matabishi

Juzi mwalimu wetu wa ujasiriamali alituuliza mtu anaanza duka na nini. Wenzangu walitaja mkopo, friji, simu nzuri. Mimi nilisikia harufu ya sambaza.

Mama aliuza hivyo visamaki vya ziwani, vikavu, katika soko la Gisenyi. Alasiri moja alikwenda kuswali, akaniachia meza. Akaja mama mmoja wa Goma, ng’ambo ya mpaka, mteja wetu wa kila siku. Nilimpimia kikopo, nikakisawazisha vizuri. Akabaki amefungua mfuko wake.

“Matabishi iko wapi?”

Ile nyongeza ya kiganja kimoja, ambayo mama alimpa kila mteja, mimi niliiona wizi wa mchana kweupe.

“Leo haiko,” nikasema.

Akafunga mfuko, akaondoka. Nikajiona shujaa.

Mama aliporudi nilimsimulia kwa fahari. Hakunigombeza. Alichota sambaza kwa mikono miwili, akakimbia kuelekea mpakani, kandambili zikipiga lami. Alirudi akihema, mikono mitupu, anacheka.

“Atarudi kesho,” akasema. “We ndiye utamupimia.”

Yule mteja alirudi kweli. Kiganja changu kilikuwa kidogo, basi nikamchotea mara mbili.