Maalim Aliyefundisha Mlango Umefungwa

Siku aliyokuja maalim wa kulipwa nyumbani kwetu naikumbuka vizuri, mwanangu, maana bibi yangu, Bi Zuwena, mama yake baba, alimtazama kuanzia kilemba mpaka viatu, kisha akasema kwa sauti ambayo maalim mwenyewe aliisikia: "Huyu mie sijampenda."

Nakuhadithia haya kwa sababu nimesikia unataka kumwekea mwanao mwalimu wa nyumbani, amtayarishe kwa mtihani wa skuli ya serikali, na baadaye aende Bombei kwenye masomo ya juu. Na huyo mwalimu ashakuahidi kwamba mtoto atapita tu. Haya. Nisikilize kwanza yaliyotupata sisi, halafu fanya utakalo. Nyumba yako, mtoto wako.

Nilikuwa msichana mdogo, tunakaa Mkunazini. Kaka yangu Seif alikuwa ameshahitimu chuoni, Kurani kaimaliza na halua yake tumeila. Wazee wa mtaa wakakubaliana kumpeleka kijana mmoja Misri akasome zaidi. Atakayekwenda ni yule atakayesoma vizuri kitabu cha fiqihi, yaani sheria za dini, mbele ya Shekhe Musa, imamu wa msikiti wetu. Baba alitaka awe Seif. Alilitaka jambo hilo mpaka usingizi ukamruka. Sasa Shekhe Musa alikuwa na darsa kila siku baada ya alasiri, bure kabisa, anayetaka anakaa. Lakini baba akaona kitu cha bure kila mtu anacho, basi mwanawe atawashindaje wenzake kwa kitu hicho hicho? Ndipo akamleta Maalim Abeid. Malipo yake yakawa karafuu na nazi kutoka shamba letu la Kidichi, na chakula cha mchana juu yake, naye hakuwa mtu wa kula kidogo.

Bibi alikuwa mtu wa shaka, na mie nimemrithi, sikatai. Kwanza alishuku ule mlango. Maalim alifundisha ghorofani, na akishaingia anaufunga. Halafu akashuku kimya cha maalim. Bibi alipenda kukaa ngazini akichambua mchele, na kutoka chumbani hakusikia chochote ila Seif akisoma, laini, bila ya kukwama.

"Tangu aanze, sijamsikia akimwambia mtoto umekosea," alisema. "Mie nilisomeshwa na baba yangu mwenyewe, nilikuwa nikikosea hata kuvuta pumzi. Huyu Seif kawa malaika lini?"

Baba akamjibu kwamba huo ndio ufundi wa maalim. Bibi akafyonya.

Siku ya kusoma mbele ya Shekhe ilipokaribia, bibi akatoa amri: leo somo liwe chini, ukumbini, mlango wazi. Maalim akasema elimu hii inataka utulivu. "Basi tutatulia," akajibu bibi, akaagiza kahawa. Baba naye akaja akakaa, nadhani ili amlinde maalim wake. Seif akafungua kitabu penye habari za udhu, akaanza kusoma. Mashallah, alisoma! Ungemsikia ungetamani aendelee mpaka magharibi. Bibi akajitanda kanga yake, akainuka na birika, akammiminia maalim, akammiminia baba, na alipopita mbele ya Seif akafunua kurasa kadhaa kwa kidole, taratibu, utadhani anapangusa vumbi. Seif hakusita. Akaendelea na udhu wake, macho kitabuni.

"Seif."

"Naam, bibi."

"Unasoma wapi, baba?"

"Hapa, bibi."

"Hapo pameandikwa habari za talaka. Weye bado unaosha miguu."

Wallahi nilicheka. Kisha nikauona uso wa kaka yangu, kicheko kikaniisha.

Bibi akamgeukia maalim, karibu amle mzima. Akamwita mwizi. Maalim Abeid hakutetemeka. Aliweka kikombe chini, akasema, "Bi Zuwena, mie si mwizi. Shekhe Musa akiwajaribu vijana huwasomesha sehemu zile zile kila mara. Nimekaa darsani kwake miaka, nnazijua, na hizo ndizo nilizomkaririsha Seif. Muulize mwanao aliniambia nini siku ya kwanza. Aliniambia, nataka Seif achaguliwe. Hakuniambia, nataka ajue. Nimefanya kazi niliyopewa."

Sote tukamtazama baba. Baba akajikuna ndevu, akasema, "Kwanza afike. Huko Misri si watamfundisha?"

Hapo Seif, ambaye hakuwa amewahi kumjibu baba hata siku moja, akaanza kulia mbele yetu, kijana mzima ndevu zinamwota. "Nilikwambia, baba. Nilikwambia sielewi hata mstari mmoja, ukanambia nisome tu. Nikifika huko nitakaa na watu wanaojua, mie mgeni, peke yangu. Wakiniuliza nitasema nini?"

Bibi akamwacha maalim, akaenda kukaa karibu na Seif. Siku zote hizo alikuwa akimchunga mgeni, na kumbe mtoto alikuwa akiteswa na sisi wenyewe.

Nawe usidhani baba alibadilika palepale. Alikuwa mgumu baba yetu, Mungu amrehemu. Siku ilipofika akamvisha Seif kanzu mpya akampeleka. Shekhe Musa akamwambia asome habari za udhu, zile zile. Seif akakifunga kitabu. Akasema mbele ya wazee wote, "Shekhe, hii nimekariri tu, siijui. Mchague mwengine, na mie unipe nafasi nikae darsani."

Akachaguliwa mwengine. Baba kwa aibu hata barazani alikuwa hakai. Seif akaenda darsani, akakaa na watoto wadogo kuliko yeye, akikosolewa mbele za watu, anarudi amenuna, anakula, na kesho anakwenda tena. Misri hakufika mpaka kufa kwake. Na Maalim Abeid? Bibi alimbakisha, ati! Akamwambia, "Sasa mfundishe. Mlango wazi, na mie nipo ngazini." Na alifundisha kweli, akigomba mpaka majirani wakauliza kuna nini. Kula yake nyumbani kwetu ikawa halali.

Basi sikukatazi kumlipa mwalimu, mwanangu. Huyo wako anayeahidi kwamba mtoto atapita nna shaka naye, lakini nna shaka na weye zaidi. Ulimwambia unataka nini ulipomwajiri? Kaa siku moja usikilize somo. Ukisikia mtoto anakosolewa na kuelezwa, mlipe na umwongeze. Ukisikia mtoto hakosei kamwe, mtoe huyo mtu nyumbani, na wewe ujiulize. Na mwanao akikwambia sielewi, msadiki siku hiyo hiyo. Usimngoje alie kwanza, kama tulivyomngoja Seif, ambaye alikuwa ameshasema, na aliyemsikia, baba yake, hakumsadiki.

Mungu akukuzie mtoto wako, ampe elimu iliyo yake kweli, na akupe weye moyo wa kumsikiliza anaposema kwa sauti ndogo. Amin.