Mstari wa Mama Uliofutwa

Baba yangu alipofariki tulikuwa tunakaa Gatwekera, na gari la kumpeleka nyumbani, kule ziwani, lilikuwa liondoke mchana. Baba mdogo akanituma Kawangware kwa dada mmoja wa kupiga chapa. Historia ya marehemu alikuwa ameshaipiga, ila baba mdogo alitaka ile habari ya marehemu kufukuzwa kazi itolewe. Nikatembea. Njia yenyewe ilikuwa matope matupu, na kiatu changu kimoja kilikuwa kinacheka mbele. Basi tuyaache hayo.

Mashine yake ya kompyuta ilikuwa ya zamani, kioo cheusi, hakina hata picha. Kila mstari ulikuwa na nambari. Akanisomea. Habari ya kufukuzwa ilikuwa mstari wa tisa, wa kumi na wa kumi na moja.

"Toa hiyo yote mitatu," nikamwambia.

Akafuta tisa. Akafuta kumi. Akafuta kumi na moja. Akachapa, akatoa nakala, nikarudi mbio. Mimi shule niliachia darasa la pili, kusoma kwangu ni kwa kuokoteza, kwa hiyo sikuangalia.

Baba mdogo akasoma kwa sauti mbele ya watu. "'Mnyapara akamfukuza kwa ulevi.' Hii si nilisema itoke?" Akaendelea. Mke wa pili akatajwa. Mama yangu, mke wa kwanza, hayumo.

Mama akauliza polepole, "Kwani mimi nilikuwa nampikia huyu mtu kama nani?"

Nikarudi Kawangware kwa hasira hadi masikio yanavuma. Yule dada naye akawaka: "Mzee, si ulisema tisa, kumi, kumi na moja? Nimefuta hizo hizo!"

Kumbe ukifuta wa tisa, wa kumi unapanda unakuwa wa tisa, na wote walio chini wanasogea. Alitakiwa aiambie mashine mara moja tu: kuanzia tisa mpaka kumi na moja. Yeye alifuta mmoja mmoja, ndiyo mnyapara akabaki, na mama, aliyekuwa wa kumi na tatu, akaenda.

"Basi mrudishe!"

Akamtoa mnyapara. Lakini sasa alikuwa anaziogopa zile nambari, hakuthubutu kuingiza kitu katikati. Mstari wa mama akauweka chini kabisa, baada ya wajukuu, baada ya shukrani kwa majirani.

Nikarudi, nikamsomea mama mwenyewe, nikikwama kwama. Gari lilikuwa linanguruma.

"Mwisho?"

"Mwisho, mama."

Mama akapanda gari kabla ya wote, akakaa pale kwenye kichwa cha jeneza. Mama mdogo, yule mke wa pili, alikuwa ameshaweka mkoba wake hapo. Mama mdogo akautoa, akasogea nyuma.

Nikabaki nimesimama mlangoni na bunda zima la karatasi, sijui nimgawie nani.