Bi Tufaha na Mgomo wa Waigizaji

Bi Tufaha aliuza vitenge na khanga karibu na soko la Tabora mjini, na hapo hapo alihukumu tamthilia. Televisheni yake ndogo ilikaa juu ya rafu, na mteja aliyeingia kuulizia bei ilimbidi kwanza asikie kwa nini mwandishi fulani hakustahili kupewa kalamu. Bi Tufaha hakuwahi kukanyaga mahali panapopigwa filamu, jambo ambalo, kwa maoni yake, ndilo lililomwezesha kuyaona makosa vizuri.

Tamthilia aliyoipenda kuliko zote, na kwa hiyo kuikosoa kuliko zote, iliitwa *Urithi wa Bi Kirembo*. Bi Kirembo, mjane tajiri, alikuwa amelala hajitambui mwaka wa pili sasa, hafi wala haponi, na shemeji yake Sudi alikizunguka kitanda kama fisi aliyenusa mzoga. Kwa ajili yao Bi Tufaha alifungua grupu la WhatsApp, akaliita Wajuzi wa Tamthilia, akamweka shoga yake Apolinaria wa Ipuli kuwa admini wa pili. Apolinaria alikuwa mwanakwaya wa parokia, mpole, na kazi yake kubwa ilikuwa kuwabembeleza waliofokewa na Bi Tufaha. Grupu likakua, likafika Nzega, likafika Puge na Ziba, watu wasiojuana kwa sura wakigombana kila jioni juu ya mwanamke ambaye hayupo duniani.

Basi waigizaji wakagoma. Walikuwa wakifanyishwa kazi toka alfajiri hadi usiku bila mkataba, na siku mwigizaji wa Bi Kirembo alipozimia kweli, kamera hazikuzimwa, kwa kuwa alizimia vizuri. Wenzake wakakaa nyumbani, wakasema hawarudi mpaka wapewe mikataba.

Bi Tufaha alisimama upande wao kwa miguu yote miwili. Alituma ujumbe wa sauti kwamba mfanyakazi si punda, na hata punda hupumzishwa. Lugembe, mkulima wa Puge, aliandika kwamba kulala kitandani ukijifanya mgonjwa si kazi, aje mtu shambani kwake aone kazi. Akatolewa kwenye grupu papo hapo. Apolinaria alimtungia maneno ya kuomba radhi, na Lugembe akayatuma kama yalivyo, pamoja na ile "andika hivi" ya mwanzo. Akarudishwa.

Kituo cha televisheni kikaanza kurudia vipindi vya zamani. Watazamaji walichukia, wakajaza malalamiko kwenye ukurasa wa kituo mtandaoni, na malalamiko hayo ndiyo yaliyokuwa fimbo ya waigizaji. Wajuzi wa Tabora walilalamika kuliko wote. Mpaka siku Apolinaria alipouliza, kwa unyonge tu, kwani Bi Kirembo sasa angekuwa amefikia wapi.

Bi Tufaha alimjibu kwa ujumbe wa sauti, akitunga mwenyewe. Alimrudishia Bi Kirembo fahamu, akamfanya asikie kila neno la Sudi kando ya kitanda, lakini aendelee kufumba macho. Akakatia hapo kwa sababu mteja aliingia. Grupu likawaka moto. Watu walitaka kujua Bi Kirembo amesikia nini. Kesho yake akaendelea, na keshokutwa. Mumewe, Mzee Humaidi, muuza vipuri vya baiskeli, miaka yote alisema tamthilia ni uzushi wa watu wasio na shughuli. Aliombwa aigize sauti ya Sudi mara moja tu. Akaitoa vizuri mno, pamoja na kikohozi cha hila, hata akaanza kufunga duka lake mapema asichelewe kurekodi. Sauti zao zikasikilizwa sokoni, kwenye vijiwe vya bodaboda, mpaka minadani. Kwenye ukurasa wa kituo pakawa kimya.

Mchana mmoja simu ikaita, namba ngeni.

"Shikamoo, mama. Naitwa Mabruki. Mimi ndiye Sudi."

Bi Tufaha aliitikia marahaba huku akitafuta pa kukaa. Kabla hajatoa maoni kuhusu zile ndevu za bandia, kijana akamweleza kwamba wamekutana na wakubwa wa kituo, wakaambiwa watazamaji wametulia, hasa kanda ya magharibi, kwa hiyo mikataba haina haraka.

"Tunajua unatupenda, mama," alisema. "Lakini tumegoma sisi, na kazi yetu unaifanya wewe."

Simu ikakatwa. Wasaliti wa mgomo Bi Tufaha alikuwa akiwajua: ni wanaume wa miwani myeusi. Hakuwahi kufikiri kwamba msaliti anaweza kuvaa dera na kupima vitenge. Alipomsimulia mumewe, Mzee Humaidi alitikisa kichwa kwa masikitiko, kisha akauliza kama yule kijana amesema lolote kuhusu Sudi wake.

Jioni Bi Tufaha alitangaza kwamba hadithi imesimama mpaka waigizaji wapewe haki yao. Wale wale waliokubali kwamba mfanyakazi si punda sasa walimuuliza amepata wapi ruhusa ya kupumzika. Lugembe akasema yeye ataimalizia. Akatolewa tena, na safari hii hakuomba radhi: alifungua grupu lake, Wajuzi Halisi, na nusu ya watu wakamfuata.

Waliobaki Bi Tufaha aliwahimiza warudi kulalamika. Wakarudi kwa nguvu, ingawa wengi walidai irushwe hadithi ya Bi Tufaha, na Sudi awe Mzee Humaidi. Wakubwa wa kituo hawakumjua Bi Tufaha ni nani, lakini kelele walizisikia, na wenye matangazo ya biashara nao walizisikia. Mikataba ikasainiwa. Mabruki akamwandikia, "Asante, mama, tumeshinda." Bi Tufaha alifuta machozi, kisha akamwonyesha ujumbe huo kila mteja aliyeingia.

Tamthilia ikarudi hewani. Bi Kirembo akafumbua macho na kumsamehe Sudi jioni hiyo hiyo, kwa muziki wa kinanda. Grupu zima likamsubiri Bi Tufaha aseme. Aliyotaka kusema aliyajua, na yalikuwa marefu. Akaandika: "Hongereni waigizaji wetu." Apolinaria akampigia simu kuuliza kama anaumwa.

Alipojibiwa kwamba hapana, Apolinaria akakiri kwamba yumo pia kwenye grupu la Lugembe, tangu siku ya kwanza. Huko Bi Kirembo hajamsamehe mtu. Amemfukuza Sudi, amehamia Puge, anafuga ng'ombe.

"Ng'ombe?" Bi Tufaha aliuliza. "Bi Kirembo yule wa kucha ndefu?"

"Na ng'ombe wanamjua kwa sauti yake, shoga."

Bi Tufaha alisema huo ni upuuzi, kwamba mgonjwa wa miaka miwili hawezi kuinuka akaenda kukamua, na kwamba Lugembe asingepewa hata kalamu ya risasi. Akaendelea hivyo kitambo. Kisha akapunguza sauti ya televisheni, akaketi vizuri, akamwambia Apolinaria aanze mwanzo, asiruke kitu.