Kura Tuliyoila Ishiara

Bosi wetu alikuwa mtu wa Embu, na ulimi wake haukuwa na l hata moja. Lori kwake lilikuwa rori, na kalamu ilikuwa karamu. Mimi ni Mmeru wa Igembe, nimelelewa Kangeta, na sisi l tunayo ya kutosha hata kuwaazima majirani. Nilikuwa namcheka kila siku, ila kwa heshima, mlango ukiwa umefungwa.

Kampuni yenyewe ilikuwa ya kukausha maembe, pale Ishiara, huko Mbeere. Tulimenya, tukakata vipande, tukavipanga kwenye trei na kuvikausha kwa tanuri la kuni. Ilikuwa kazi yangu ya kwanza baada ya kumaliza chuo kikuu Nchiru, na mama alikuwa ameshatangazia soko zima la miraa kwamba binti yake ni meneja. Umeneja gani, jameni! Nilikuwa nashika ufunguo wa stoo na kufukuza nzi.

Na nzi walikuwepo! Maganda na kokwa zote tulizimwaga kwenye korongo nyuma ya kiwanda, na yale maji yake meusi yakateremka mpaka kwenye kijito ambapo kina mama walichota maji. Siku moja walikuja langoni, wakiongozwa na cucu mmoja, nyanya mwembamba mwenye sauti ya kengele. Hakutukana mtu. Alisema tu, "Mkiendelea kumwaga uchafu wenu kwa maji yetu, msimu ukikolea maembe yetu mtayaona kwa macho tu."

Kampuni haikuwa na mwembe hata mmoja wa dawa. Kila embe lilitoka kwa wale kina mama. Wakigoma, tunafunga, na mimi narudi Kangeta kumweleza mama umeneja umeenda wapi. Usingizi ulinipotea, sitaki kukudanganya.

Bosi naye akaenda semina Nairobi, akarudi amewaka kama taa. Alikuwa amefundishwa uwajibikaji wa kampuni kwa mazingira na jamii. Alilipenda hilo neno hadi akalitumia kuagiza chai. Mpango wake ulikuwa rahisi: majirani wapige kura kuchagua wafanyiwe nini. Tuwapandie miti, tuwanunulie vijana jezi za mpira, au tupake shule rangi? Nikamuuliza, "Na maganda, bosi?" Akanijibu kwamba maganda ni mambo ya kiwanda, huu ni uwajibikaji. Nikachora mti, mpira na brashi kwenye boksi la sabuni, liwe sanduku la kura.

Jumapili alisimama kanisani wakati wa matangazo, suti imenyooka. "Jumamosi kampuni ya maembe imewaandaria kura," akasema. "Kura ni ya kira mtu. Msiache wazee nyumbani, msiache mama mjamzito. Kura ni haki yenu!"

Ngai! Amina iliyotoka hapo ilitikisa mabati. Kina mama wakatazamana, wakatikisa vichwa kwa furaha. Bosi akarudi kwenye benchi akaninong'oneza, "Umeona watu wanavyopenda demokrasia?"

Jumamosi nikafungua lango mapema, boksi langu liko juu ya meza. Wa kwanza kuingia alikuwa mzee mwenye sahani. Wa pili alikuwa mama na sufuria. Nyuma yao barabara nzima ilikuwa inakuja, mabakuli, vijiko, watoto wameoshwa wakapakwa mafuta wakang'aa. Nikaangalia zile sahani, nikaangalia boksi langu.

Nikakimbia ofisini. "Bosi, wamekuja kula!"

"Vizuri sana. Wamekuja kura."

"Siyo kura. Kula!"

"Si ndivyo nimesema? Kura!"

"Kula, bosi, kula! Kula nyama! Kula na mdomo!" Nikamwonyesha mdomo wangu, nikatafuna hewa mbele yake kama mbuzi. Alinitazama, akatazama dirishani, akaziona sufuria. Sijawahi kuona mtu akikaa chini polepole namna ile.

Kumbe hayo yalikuwa madogo. Tulipotoka nje cucu alikuwa amesimama katikati ya kiwanja, ananyoosha mkono atupe salamu. Alikuwa anatabasamu, kitu ambacho sikujua anakiweza. "Tulifurahi kanisani," akasema. "Tulidhani nyinyi ni watu wa kiburi. Lakini mtu akimkosea jirani, akachinja mbuzi, wakala pamoja, makosa yameisha. Na harudii tena. Leo mmefanya kama watu."

Woi! Huko Mbeere, na hata kwetu Meru, faini ya mbuzi si mchezo. Ukishamlisha jirani uliyemkosea, umekubali kosa mbele ya watu wote, na ukilirudia hakuna atakayekuamkua. Bosi wangu alikuwa ameungama kanisani, suti imenyooka, bila kujua.

Akanivuta kando. "Na nikiwaambia ni kura?"

"Watarudi nyumbani," nikamwambia. "Wao na maembe yao."

Akaangalia lile boksi la sabuni. Mabega yakaanza kumtetemeka, nikadhani analia, kumbe ni kicheko. Kilimpanda, kikanishika na mimi, tukashikana mikono pale nyuma ya mlango tukijizuia kama watoto wamefanya jambo kanisani. Halafu akavua koti, akanitupia, akatoka kutafuta mbuzi. Wa kuuza walikuwa nao wageni wenyewe! Mzee wa sahani alituuzia wawili, akabishana bei kana kwamba si yeye atakayewala.

Mbuzi nao wakatuonyesha maajabu. Walipofika uani walinusa maganda ya jana, yaliyokuwa bado kwenye karai, wakamburuta aliyewashika na kuzamisha vichwa humo. Walivutwa, wakagoma. Mmoja alienda kuchinjwa akiwa bado anatafuna. Watu wakacheka hadi wakashika mbavu. "Ee!" cucu akasema. "Mbuzi wetu wanalala njaa, nyinyi mnalisha nzi!" Kila mtu pale alijua mbuzi hula maganda ya embe, hata mimi nilijua. Hakuna aliyekuwa amekaa chini akalifikiria tu.

Nyama tulichoma kwenye tanuri la kukaushia. Kuni zikaisha katikati, nyama bado ina damu, nami nimeshaanza kutoka jasho la aibu. Mama mmoja akachota beseni la kokwa kavu kwenye ukingo wa korongo, akazimwaga motoni. Ziliwaka hizo! Bosi alisimama anautazama ule moto hadi nikaogopa ataunguza nyusi.

Tukagawa nyama kwa trei za maembe. Wa kwanza kupewa alikuwa cucu, na hakuna aliyekula kabla yake. Alikiinua kipande chake, akakileta karibu na mdomo, kisha akakishusha.

"Na maganda?" akauliza.

Kila mtu akamgeukia bosi. Nilijua bosi ana hotuba ya miti mfukoni, nikamwomba Mungu aisahau.

"Maganda hayatatoka hapa tena ira kwa tumbo ra mbuzi wenu," akasema bosi. "Atakayereta maembe atarudi na maganda. Kokwa tutachoma badara ya kuni. Na hatutamenya embe hata moja mpaka korongo riwe safi."

"Lini?" cucu akauliza.

Bosi alikunja mikono ya shati lake jeupe, akachukua sepetu, akashuka korongoni. Nami nikavua viatu vyangu vya umeneja nikamfuata, sijui hata nilikuwa nimebeba nini, nadhani ni ufagio. Huo uozo ulitufika magotini. Nilikuwa nacheka, najisikia kutapika, nacheka tena. Bosi, mkurugenzi mzima wa kampuni, aliteleza akakaa kitako kwenye maganda, na watoto huko juu wakapiga makofi. Vijana waliotakiwa kupewa jezi wakashuka na majembe.

Tulipanda juu baadaye, korongo likiwa safi, sisi tukinuka vibaya sana. Cucu alikuwa bado ameshika kipande chake, kimepoa. Alimtazama bosi kuanzia viatuni hadi kichwani. Ndipo akakitia mdomoni, akatafuna pole pole, akameza.

"Haina chumvi," akasema, akinyoosha sahani aongezwe. "Jumatatu nikileta maembe nitakuja na chumvi yangu."