Picha za Kuchapwa

Nakiri mapema, ujinga ni wangu: niliandika maelezo ya kipuuzi kwa Kiswahili chini ya picha sita, yakabandikwa ukutani shuleni, nami nikaenda zangu kula piza.

Picha zenyewe ni za Kijapani, tena nakala tu. Fundi anachonga ubao, anaupaka wino, anagandamiza karatasi. Kwa Kiswahili ni picha za kuchapwa, na ukiwatazama hao wasafiri utaamini wamechapwa kweli. Wanajikokota kwenye barabara kuukuu ya kwenda Kyoto, kofia kama vifuniko vya sufuria, mvua mgongoni, kituo baada ya kituo. Eti sanaa! Mimi kila asubuhi nasubiri basi mtaani kwetu Agincourt, huku ughaibuni, kwenye theluji, na hakuna aliyewahi kunichonga.

Mwalimu wa sanaa, anayenong'ona mbele ya picha kama yuko msibani, alitaka kila mmoja aandike kwa lugha ya nyumbani, wazazi waje wasome. Wenzangu wakaandika habari za "uzuri wa mvua". Wanafiki watupu. Mimi Kiswahili changu angekisahihisha nani?

Mama alifurahi kupita kiasi. Shoga yake mmoja wa mji jirani wa Vaughan humsimanga miaka yote: "Mwanao lugha imemshinda, umelea Mzungu." Maana nyumbani mimi hujibu Kiingereza. Nikitumwa, nikiitwa kusalimia wageni, najifanya sielewi. Dawa nzuri sana hiyo. Basi Mama akamleta shoga yake ajionee.

Niliporudi kutoka kwenye piza niliwakuta mbele ya picha ya mwanamke aliyebebwa kwenye machela. Yule shoga anasoma kwa sauti: "'Mama akienda harusini. Kutembea hataki, miguu ni ya kuchezea tu.' He!" Akahamia kwa wasafiri wanaokimbia mvua. "'Wageni wakitoroka pilau ya yule mama wa Vaughan.' Shoga, huyu si mimi?"

"Ni wewe," Mama akasema.

Yule mama akacheka mpaka ushungi ukamteleza. "Lugha imemshinda wapi! Anatukana kama kazaliwa Tanga!"

Mwalimu naye akatabasamu, hajui kitu. Nikasema kwa Kiingereza kwamba sielewi wanaongea nini. Mazoea.

Mama akanipandisha na kunishusha kwa macho, akasema: "Kumbe unaelewa. Basi kuanzia leo ukinijibu Kiingereza, mimi ndiye sielewi. Na Jumamosi nina wageni kumi. Utawaamkia mmoja mmoja."