Kichwa cha Nekesa

Sikuota, na sikuwa na homa. Tuanzie hapo, maana kila niliyemsimulia ameniuliza hayo mawili kwanza. Ilikuwa saa tisa mchana, siku ya Jumanne, mvua inanyesha, na nilikuwa nimeshakunywa chai na andazi. Mtu anayeota hakumbuki kwamba andazi lilizidishwa hiliki. Jambo hili lilinipata mimi, hapa Durban, mwaka 2014, na mikono iliyolifanya ni hii.

Wakati huo nilikuwa msusi katika saluni ndogo ya Mama Bahati, mama wa Uvira, chini ya ghorofa moja kuukuu kule Point. Mimi ni mtu wa Bukavu. Lakini kabla ya saluni nilikuwa na kazi nyingine, na hiyo ndiyo iliyoleta yote. Nilimtunza mzee mmoja mzungu, mjane, huko Morningside. Tulimwita Gogo, kama Wazulu wanavyowaita bibi zao. Miaka miwili nilimwogesha, nilimkata kucha, nilijua anataka maziwa yatangulie chai kikombeni. Jioni alifungua kitabu cha ramani mezani akawa anatembeza kidole: Kroatia, Bosnia, Montenegro, Albania, Masedonia. Marehemu mumewe alizaliwa pande hizo.

"Siku moja tutakwenda, mimi na wewe," alikuwa ananiambia. "Wakati wa majani kuanguka."

Sikumwambia kwamba karatasi yangu ya ukimbizi haikuvuka hata mpaka wa Swaziland. Kwa nini nimharibie furaha? Isitoshe, na mimi nilikuwa nimeshaanza kuiona hiyo safari.

Kisha nikapata mimba. Nikatafuta mtu wa kunishikia kazi miezi minne tu, nikampeleka Nekesa. Alikuwa rafiki yangu wa kanisani, Mkenya wa Bungoma, mumewe anasoma chuo kikuu, wanakaa Cato Manor. Nilimfundisha mwenyewe habari ya maziwa na chai. Niliporudi na mtoto mgongoni, Gogo alinikumbatia, akamsifu mtoto, halafu akasema samahani, ameshamzoea Nekesa.

"Aki dadangu, mimi sikuomba," Nekesa aliniambia getini. "Ni yeye mwenyewe amesema nibaki. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

Nikamjibu haina shida. Nikacheka hata. Wewe umewahi kusema haina shida huku meno yanauma? Basi unanielewa.

Tukaendelea kuwa marafiki, wa kusalimiana na wa kutembeleana. Mwaka ule wa 2014, Septemba inakwisha, akanijia saluni amejaa furaha mpaka anashindwa kukaa. Gogo amelipia nafasi mbili katika kundi la wastaafu ishirini na wawili: watapanda ndege, kisha basi moja litawazungusha nchi zile zote kwa wiki tatu. Nekesa aende naye kumshika mkono. Pasipoti anayo, viza imetoka.

"Nataka unisuke wewe," akasema. "Huko nani atajua kichwa changu?"

Nilimsuka mistari kumi na miwili ya kwenda nyuma. Niliivuta. Yeye akawa anasema "aish, dada, pole pole," nami naendelea kuvuta. Mstari mmoja, nyuma ya sikio la kushoto, ulinipindia kama njia ya mbuzi. Ningeweza kuufumua na kuurudia. Niliuacha.

Wakaenda. Picha zikaanza kuingia kwenye simu. Mji wa mapaa mekundu kando ya bahari. Daraja la mawe juu ya mto wa kijani. Milima ambayo miti yake yote ilikuwa ya njano na nyekundu, kama mtu ameiwasha moto na kuusahau. Nekesa na kikombe kidogo cha kahawa. Nekesa amevaa skafu ya Gogo, ile ya buluu niliyokuwa naipiga pasi mimi. Nilikuwa nazivuta zile picha kwa vidole viwili zikue, nione Gogo amemshikaje mkono. Je, amemshika kwenye kiwiko kama alivyokuwa ananishika mimi? Nilipoona ndiyo, kwenye kiwiko, wali wangu uliungua jikoni na sikusikia harufu. Mume wangu aliuliza nina nini. Nikasema kichwa.

Jumatatu ikaja picha nyingine. Nekesa amesimama barabarani anakula njugu kubwa zilizochomwa, chini yake ameandika: "Nakukumbuka dadangu. Ungekuwa hapa!"

Nilikuwa peke yangu jikoni, mtoto amelala. Niliishika ile simu na kusema kwa sauti, kwa Kiswahili chetu cha Bukavu, maana mtu akiwa na uchungu hasemi lugha ya kuazima: "Rudia. Rudia hata na miguu, unirudishie fasi yangu." Rudia ndiyo rudi, fasi ndiyo nafasi, kwetu tunasema hivyo. Nilisema mara tatu. Halafu nikaenda kuanua nguo.

Kesho yake ndiyo hiyo Jumanne. Siku za Jumanne hapakuwa na wateja. Mama Bahati alikwenda mjini kununua meshi, zile nywele za kuunganishia, akaniacha peke yangu. Mlango ukafunguliwa akaingia Nekesa.

Niamini, sikuogopa hata kidogo. Kitu cha kwanza nilichosikia moyoni ni ushindi. Nikajiambia, eish, kumbe wamegombana! Gogo amemrudisha! Alikuwa amevaa koti zito, limelowa, na viatu vyake vilikuwa na tope jekundu na majani ya njano yamenata kwenye soli. Alitembea kama mtu ambaye nyayo zimekwisha. Hakunisalimu. Akaketi kwenye kiti, akaniangalia kwa kioo.

"Unifungule nywele," akasema. "Ziko zinaniuma."

Ningesimama hapo hapo kama ningekuwa na masikio. Nekesa wa Bungoma hasemi "unifungule." Hayo ni maneno ya kwetu. Lakini mimi nilikuwa nasikiliza furaha yangu. Nikamfunga taulo shingoni, nikachukua kitana chenye mkia mrefu, nikaanza katikati, nikielekea sikio la kushoto. Ngozi ya kichwa ilikuwa baridi kama samaki wa kwenye barafu. Nikasema moyoni ni mvua. Na kichwa kilikuwa chake, hilo nakuapia: ule mstari uliopinda nyuma ya sikio ulikuwepo pale pale. Msusi anajua kazi ya mkono wake kama unavyoujua mwandiko wako.

"Safari imekuwaje?" nikauliza, kwa utamu wa uongo.

Akageuza shavu, nifikie vizuri.

Nilikuwa nimefumua mistari minne simu ilipolia mezani. Picha. Nekesa na Gogo ndani ya basi, kioo cha dirisha kimejaa milima, wote wawili wanacheka. Chini ameandika: "Tunaingia Masedonia sasa hivi." Saa yao na yetu ni moja miezi hiyo. Ilikuwa saa tisa na dakika ishirini huko, na saa tisa na dakika ishirini kwenye ukuta wa Mama Bahati.

Niliangalia simu. Niliangalia kiti. Mwanamke wa kwenye kiti alikuwa bado ananitazama kwa kioo.

"Weye njo uliniita," akasema, yaani mimi ndiye niliyemwita. Sauti haikuwa ya Nekesa tena. Ilifanana na sauti za nyumbani, za mama wengi kwa pamoja, kama wale wanaopiga soga mtoni na wewe uko mbali. "Nimekuja na miguu. Maliza. Ukimaliza, fasi iko yako."

Sasa nakuja kwenye sehemu ambayo ningependa kuiruka. Ungetegemea nikimbie, au nilitaje jina la Yesu, mimi niliyekuwa naimba kwaya kila Jumapili. Sikufanya hivyo. Nilisimama na kitana mkononi, nikafikiri. Nilimfikiri Gogo amenishika kiwiko juu ya lile daraja. Nilifikiri skafu ya buluu. Nilijua kabisa kwamba kichwa hiki kimefungwa na kingine kilicho kwenye basi, usiniulize nilijuaje. Halafu nikafumua mstari wa tano. Nikafumua wa sita. Nikafumua wa saba, ule uliopinda.

Mitatu, nikiwa najua.

Ulipofunguka wa saba, mwanamke akatoa pumzi ndefu, kama mtu aliyevuliwa mzigo, na pumzi ile ikatoka na sauti ya Nekesa. Yenyewe, ile ya kweli, ndogo na mbali sana: "Aish, dada, pole pole."

Kitana kilinianguka. Mikono ikaanza kusuka yenyewe kabla sijaamua. Nilianza na minne ya kwanza, nasuka na kulia, kamasi zinanidondoka kwenye taulo. Mwanamke akawa anatikisa kichwa kulia na kushoto, anasema "Acha, acha, iko yako," na kiti kizima kinatetemeka. Nikamshika kidevu kama unavyomshika mtoto mkaidi. Minne ile ilikubali. Ilikaa, ikashika.

Lakini ile mitatu ilikataa. Nikisuka inateleza, nikisuka inafunguka kutoka chini kwenda juu, kama nywele zimepakwa sabuni. Nilijaribu sijui mara ngapi. Mwishowe akainuka, akavua taulo, akalikunja vizuri, akaliweka kitini.

"Hizi tatu ulinipa," akasema. Akatoka kwenye mvua, akielekea upande wa bandari.

Mama Bahati alirudi akanikuta nimekaa chini. "Iko nini? Nani ameleta huu uchafu?" Sakafuni palikuwa na tope jekundu na majani ya njano. Durban hapana miti yenye majani ya namna ile, na Oktoba kwetu miti ndiyo kwanza inachanua. Aliyafagia mwenyewe. Unaweza kumuuliza, yuko hai, bado anafanya kazi.

Nilimpigia Nekesa usiku kucha, hakupatikana. Siku ya tatu simu ililia, lakini aliyepiga alikuwa binti wa Gogo, yule anayekaa hapa Durban. Alisema Nekesa alianguka ndani ya basi Jumanne mchana, wakiwa milimani. Alipoteza fahamu kwa muda wa saa nzima. Ameamka, lakini mkono wa kushoto hauna nguvu, hawezi kumwinua Gogo. Wanarudi mapema.

"Mama anakuulizia," akasema. "Unaweza kurudi kazini?"

Nikuambie ukweli? Kwa muda wa pumzi moja, nilifurahi. Baada ya yote niliyoyaona kwenye kile kiti, nilifurahi. Yule mwanamke simwogopi tena sana, lakini furaha ile naiogopa mpaka leo.

Nikasema hapana, asante, nina mtoto mdogo.

Nekesa alirudi, akaja saluni amefunga kitambaa. Mkono ulikuwa umeanza kupata nguvu. Aliketi kwenye kiti kingine, nashukuru, kile cha dirishani.

"Dadangu, angalia hii maneno," akasema, akafungua kitambaa. Upande wa kushoto, kuanzia juu ya paji mpaka nyuma ya sikio, palikuwa na njia tatu tupu, laini kama kiganja. "Nywele za mistari hii tatu zilitoka zote siku ile nilianguka. Wazee wa kwenye basi waliona. Gogo alilia. Na unajua, nilikuwa naota niko hapa kwenu. Mtu ananifungua nywele. Nilijaribu kugeuka nimwone, nikashindwa."

Ningeweza kunyamaza. Nani angenishtaki? Lakini nilipiga magoti pale kwenye nywele za wateja, nikamwambia yote: kazi, ramani, maneno niliyoyasema jikoni, mwanamke, kitana. Mama Bahati alizima redio.

Nekesa alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza jambo moja tu.

"Ulikuwa umeshaona ile picha ya kwenye basi?"

"Ndiyo."

"Ukafungua tatu."

"Ndiyo, dada."

Akafunga kitambaa chake polepole, kwa mkono mmoja na nusu. Nilitaka kumsaidia fundo, akasogeza kichwa kando. Akasema, "Ungeniambia tu unataka kazi yako. Ningekupa. Nilikuwa nakungoja uniambie," akaondoka.

Alimtunza Gogo hadi mwaka uliofuata, mumewe akamaliza masomo, wakarudi Kenya. Siku za sikukuu ananiandikia salamu, fupi, za heshima. Zile njia tatu hazijaota nywele. Mimi niliacha ususi mwezi ule ule. Sasa nashona mapazia. Mikono yangu haiwezi kugusa kichwa cha mtu mwingine bila kufa ganzi, hata binti yangu anasukwa na jirani.

Sasa wewe unayenisikiliza, nina neno moja. Mwenzako akiwa safarini na moyo wako unachemka, usikae peke yako na simu ukiongea na picha yake. Mpigie. Mtukane ukiweza, mgombane, mnuniane mwaka mzima, hayo yanatibika. Ila usiyaseme pale ambapo hayupo wa kukujibu. Kuna kinachosikiliza, na hakitakuuliza kama ulikuwa na hasira tu.